Kuomba mafunzo ya urubani yanayodhaminiwa na shirika la ndege: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na vijana wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe

Nimezaliwa Tukuyu, nimesoma Mbeya mjini, na sasa ni rubani msaidizi kwenye ndege ya pangaboi. Kila nikija likizo maswali ni yaleyale: kwenye mahafali ya kidato cha nne, msibani, hata kwenye Noah ya kwenda Kyela dereva akishajua kazi yangu. Nimeyakusanya hapa maana nimechoka kutuma ujumbe wa sauti wa dakika kumi kwa kila mtu. Masharti ya kila programu hubadilika, kwa hiyo penye tofauti kati ya tangazo na maneno yangu, fuata tangazo.

## Mambo ya mwanzo

Kudhaminiwa maana yake nini hasa? Ni bure kabisa?

Hapa ndipo wengi wanapoumia, kwa sababu neno "udhamini" linabeba vitu vitatu tofauti.

Cha kwanza ni udhamini kamili. Shirika linalipa ada, malazi wakati wa kozi, na mara nyingi idhini ya kurusha aina yao ya ndege. Wewe unalipa kwa miaka ya kazi: unasaini kwamba ukihitimu utalitumikia shirika hilo kwa muda fulani. Cha pili ni mkopo. Shirika au benki yake inatoa fedha, halafu mshahara wako unakatwa kila mwezi kwa miaka kadhaa. Cha tatu ni kile kinachoitwa kwa majina matamu, "njia ya kadeti" au "programu ya ushirika". Hapo shirika linakuchuja na kukuahidi kukufikiria ukimaliza, lakini ada unalipa wewe mwenyewe kwenye chuo wanachokitaja.

Ukisoma tangazo, tafuta sentensi moja tu: nani analipa chuo, na lini. Isipokuwepo, uliza kwa barua pepe kabla hujajaza fomu. Nimeshaona mzee wa Rungwe akichinja ng'ombe kwa furaha kwa ajili ya barua ya aina ya tatu.

Kwani kujisomesha mwenyewe ni shilingi ngapi?

Hesabu kwa dola, tena makumi ya maelfu, hadi upate leseni ya biashara yenye idhini ya kuruka kwa vifaa (bila kutegemea kuona nje) na ya injini mbili. Ulaya ni zaidi. British Airways walipoanzisha Speedbird Pilot Academy mwaka 2023 walitaja gharama ya takriban pauni 100,000 kwa kila mwanafunzi. Ndiyo maana nafasi za udhamini kamili ni chache na foleni yake ni ndefu.

PPL, CPL, ATPL ni nini?

Ni ngazi za leseni. PPL ni ya rubani binafsi: kwa viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, unaipata kuanzia miaka 17 na angalau saa 40 za kuruka, na huruhusiwi kulipwa. CPL ni ya biashara: miaka 18 na saa 200, au 150 ukiwa kwenye kozi unganishi iliyoidhinishwa. ATPL ndiyo ya rubani kiongozi wa ndege kubwa: miaka 21 na saa 1,500. Kadeti, yaani rubani mwanafunzi wa shirika, huajiriwa akiwa na CPL huku ameshafaulu mitihani ya nadharia ya ATPL, kisha saa anazikusanyia kazini.

Ipo pia MPL, leseni ya kuruka ndege za marubani wawili, ambayo sehemu kubwa ya saa zake 240 hufanyika kwenye simuleta, mashine ya kuigiza ndege. Imeshonwa kwa ajili ya shirika moja na ndege yao. Shirika likiyumba kabla hujamaliza, unabaki na karatasi ambayo wengine wanasita kuikubali. Ukipewa uchaguzi, mimi ningechukua CPL.

Mtanzania anaweza kuomba mashirika gani?

Anza na swali la uraia kabla ya jina la shirika. Programu nyingi za udhamini kamili ni za raia au wakazi wa nchi husika. Ile ya Speedbird inamtaka mwombaji awe na haki ya kuishi na kufanya kazi Uingereza. Programu ya kadeti wa taifa ya Emirates ni kwa raia wa Falme za Kiarabu. Chuo chao cha Dubai kinapokea wageni, lakini wanaojilipia. Ethiopian nao kwa miaka mingi wamefundisha marubani kutoka nchi nyingine za Afrika pale Addis Ababa, na hapo pia mgeni huja na mlipaji wake.

Kwa hiyo macho yako yawe kwanza nyumbani: matangazo ya Air Tanzania na Precision Air yanapotoka, na mfuko wa mafunzo wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, ambao umesomesha vijana wa Kitanzania urubani na uhandisi wa ndege. TCAA siyo shirika la ndege, lakini mfuko ule ndio udhamini ulio karibu zaidi na mtoto wa mkulima. Ingia kwenye tovuti zao wenyewe. Yale makundi ya WhatsApp yenye picha ya ndege na namba ya simu, soma swali la pesa ya fomu huko chini.

## Shule na lugha

Nimeishia kidato cha nne. Naweza kuomba?

Zipo programu zinazokubali kidato cha nne chenye alama nzuri za Hisabati, Fizikia na Kiingereza. Nyingi za udhamini zinataka kidato cha sita, na PCM au PGM ndizo zinazopita bila maelezo. Ukiwa na nafasi ya kuendelea, endelea. Miaka miwili siyo mingi, na tangazo lenyewe linaweza lisitoke kabla hujamaliza.

Nilisoma HGL. Ndoto imekufa?

Haijafa, ila imepinda. Angalia cheti chako cha kidato cha nne: Hisabati na Fizikia zikiwa C kwenda juu, kuna milango inayobaki wazi. Zikiwa D au F, rudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea kabla ya kutuma maombi popote. Usitegemee barua nzuri ifunike F ya Hisabati. Anayepokea maombi 2,000 anaanza kwa kufuta.

Nimesoma shule ya kata, Kiingereza changu ni cha kuungaunga.

Kiwango kinachotakiwa ni daraja la 4 la ICAO kwenye mizani ya madaraja 6. Ukiwa na la 4 unapimwa tena kila miaka mitatu. Hawapimi lafudhi. Mtu anaweza kusikika Mnyakyusa kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho na akapata 5. Wanapima kama unaelewa, na kama jambo lisilo la kawaida likitokea unaweza kulieleza.

Fanya hivi: chukua tukio la kawaida, mfano lori limefeli breki Kitonga, ulieleze kwa Kiingereza kwa dakika moja, ukijirekodi kwenye simu. Sikiliza. Utajichukia wiki ya kwanza. Wiki ya sita utakuwa mtu mwingine.

## Afya

Nianze na nini kabla ya yote?

Cheti cha afya cha daraja la kwanza. Nalirudia kwa kila anayeniuliza kwa sababu ya kijana mmoja wa Mafinga. Alipata nafasi kwenye programu ya aina ya mkopo iliyotaka amana. Baba yake akauza shamba la miti kabla haijakomaa ili amana ilipwe kwa wakati. Chuo kikapokea fedha, vipimo vikafanyika baadaye, na ikagundulika hatofautishi nyekundu na kijani. Alikuwa na miaka 20 na hakuwahi kujua. Amana ilirudi nusu, miti haikurudi.

Kipimo cha rangi ni kitabu chenye duara za vidoto na namba ndani yake. Kliniki ya macho ya hospitali ya mkoa au ya rufaa inaweza kukupima kwa gharama ndogo. Hicho hakikupi cheti, lakini kinakuokolea nauli na shamba. Cheti chenyewe hutolewa kupitia madaktari walioidhinishwa na TCAA, kwa hiyo jipange kwa safari ya Dar es Salaam. Uliza TCAA orodha ya madaktari wa sasa, piga simu, panga siku, ndipo ukate tiketi ya basi.

Navaa miwani.

Hakuna neno. Kinachotakiwa ni kila jicho, likiwa na miwani, lifikie 6/9 na yote mawili kwa pamoja 6/6. Ukiwa kazini lazima uwe na miwani ya akiba karibu. Kapteni niliyeruka naye mara nyingi zaidi anavaa vioo vinene kuliko vya babu yangu.

Nina chembe za sikoseli, lakini siumwi.

Kubeba chembe tu, bila ugonjwa, kwa kawaida hakukunyimi cheti. Ugonjwa wenyewe wa sikoseli ni jambo jingine, na jibu huwa hapana. Sema ukweli kwenye fomu, maana damu itapimwa.

Naishi na virusi vya UKIMWI na natumia dawa vizuri.

Naulizwa hili faraghani, mara nyingi kutoka Njombe na Makete, na nalijibu hadharani ili mtu asilazimike kuuliza. Kanuni za ICAO zinaanza kwa kusema mwombaji hafai, isipokuwa hali yake imechunguzwa na kutathminiwa kitaalamu na ikaonekana haiwezi kuhatarisha kazi. Maana yake mlango haujafungwa, lakini ni safari ya vipimo na maamuzi ya mamlaka, na shirika linaweza kuwa na masharti yake. Zungumza na daktari wa anga kwanza, wewe na yeye tu. Usifiche: kudanganya kwenye fomu ya afya ndiko kunakomaliza leseni za watu.

Mimi ni mfupi.

Soma tangazo. Programu nyingine zinataja kimo, nyingine hupima kama unafika kwenye pedali ukiwa umekaa.

## Maombi na mchujo

Nyaraka gani niwe nazo tayari?

Cheti cha kuzaliwa cha RITA, namba ya NIDA, pasipoti, vyeti vya NECTA, cheti cha kumaliza shule, na cha afya kama unacho. Cha muhimu kuliko orodha hiyo ni kwamba jina liwe lilelile kwenye zote.

Mimi maombi yangu ya kwanza yalifia hapo. Cheti cha kuzaliwa kiliandikwa jina la ukoo kwa "Mwa-", mwalimu wa shule ya msingi akaliandika bila hiyo "Mwa-" siku ya usajili wa darasa la saba, na vyeti vyote vikamfuata mwalimu. Shirika lilinipa siku tano kuthibitisha kwamba mimi ni mimi. Kiapo cha wakili nilikipata Mbeya siku ya pili, lakini walitaka hati ya jina iliyosajiliwa, na siku zikaisha nikiwa kwenye benchi la ofisi moja Dar. Weka vyeti vyako mezani leo, soma herufi kwa herufi, pamoja na tarehe ya kuzaliwa.

Barua ya maombi niandike nini?

Usianze na "tangu nikiwa mtoto nilipenda kuangalia ndege". Wote tuliangalia ndege. Andika kitu ulichofanya ambacho mtu mwingine alikutegemea: uliendesha pampu ya umwagiliaji Mbarali msimu mzima, ulikuwa mweka hazina wa kikundi cha parachichi, uliongoza maabara ya shule. Ukurasa mmoja, basi.

Mtihani wa mchujo ukoje?

Unakaa mbele ya kompyuta, wakati mwingine na usukani mdogo mkononi. Mshale unacheza kwenye kioo na wewe unaurudisha katikati. Papo hapo sauti masikioni inataja namba sita na unatakiwa kuzirudia kinyumenyume. Kisha swali linatokea pembeni: ndege inakwenda maili 240 za baharini kwa saa, imebakiza maili 60, itafika baada ya dakika ngapi? Na kama inaunguza kilo 600 za mafuta kwa saa, itatumia ngapi hadi hapo?

Ukikimbilia kugawa kwa njia ya shule, mshale umeshatoka nje. Njia ya marubani ni kugeuza mwendo kuwa wa dakika moja: 240 kwa saa ni 4 kwa dakika, 60 gawa kwa 4 ni 15. Dakika 15 ni robo saa, robo ya 600 ni 150. Umemaliza, na mkono haujatikisika.

Mazoezi hayahitaji programu ya kulipia. Nilijifunza kwenye basi la Dar. Unasoma kibao cha kilomita, unaangalia saa, unasubiri kibao kingine, unakadiria tutafika Mikumi saa ngapi, huku jirani yako anakusimulia kesi ya shamba. Jirani ni sehemu ya zoezi, usimnyamazishe.

Mtihani unafanyika mtandaoni nyumbani. Umeme ukikatika je?

Usifanyie nyumbani. Tafuta ofisi au chumba mjini penye jenereta na intaneti ya waya, fanya jaribio la kamera siku moja kabla, na uwe na bando kwenye simu kama akiba. Ikikatika hata hivyo, piga picha ya kioo na utume barua pepe dakika ileile. Kuandika baada ya siku mbili ni kulalamika.

Kazi ya kikundi na usaili wanatazama nini?

Kwenye kikundi mnapewa tatizo na dakika chache. Anayenyamaza anaanguka, anayemkatiza mwenzake anaanguka mapema zaidi. Aliyesema "tumebakiza dakika tatu, tuamue" huwa anakumbukwa. Sisi wa huku tumelelewa kutobishana na mkubwa, na hilo kwenye chumba cha rubani ni hatari. Watakuuliza: kapteni amekosea, utafanyaje? Jibu halitakiwi kuwa kimya wala matusi. Unamwambia ulichokiona, unapendekeza la kufanya, asiposikia unarudia kwa nguvu zaidi.

Sijawahi kupanda ndege maishani. Niseme?

Sema. Mimi mara yangu ya kwanza ilikuwa kwenda kwenye usaili wenyewe, kutoka uwanja wa Songwe. Walinicheka kidogo, kisha wakaniuliza niliona nini. Niliwaeleza jinsi mabawa yalivyobadilika umbo tulipokaribia kutua, na nikauliza ni kwa nini. Hicho ndicho walichokuwa wanakitafuta.

## Mkataba

Mkataba wa kulitumikia shirika una nini ndani?

Muda, mara nyingi miaka mitano au zaidi, na kiasi utakachodaiwa ukiondoka kabla. Angalia mambo haya kabla ya kalamu: deni linapungua kila mwaka unaotumikia, au linabaki zima hadi siku ya mwisho? Muda unaanza kuhesabiwa ukiingia chuoni, au ukiruka na abiria kwa mara ya kwanza? Shirika likikosa ndege za kukupa kazi, nani anadaiwa? Na deni limeandikwa kwa shilingi au kwa dola? Hilo la mwisho watu hulipita haraka, wakati mshahara unaweza kuwa wa shilingi.

Mpe wakili asome. Siyo mjomba aliyewahi kufanya kazi mahakamani.

Wanataka baba aweke hati ya shamba kama dhamana.

Ni kawaida kwenye mikopo, nadra kwenye udhamini kamili. Kaeni kama familia, na mama awepo, kwa sababu shamba analilima yeye. Kama cheti cha afya hakijatoka, jibu langu ni moja: msiweke.

Nikifeli mafunzo?

Kawaida kuna nafasi ya kurudia mtihani wa kuruka, kisha kikao. Nani anabeba gharama ya aliyefeli lazima iwe imeandikwa. Isipoandikwa, dhani ni wewe.

## Maswali ya pembeni

Mtu amenipigia, anasema nitume 350,000 ya fomu na nimeshachaguliwa.

Hujachaguliwa. Zipo programu halali zinazotoza gharama ya mtihani au ya vipimo, lakini hulipwa kwa akaunti ya taasisi baada ya wewe kuomba, haiendi kwenye namba ya simu ya mtu binafsi kwa mtu ambaye hajafanya hata mtihani. Kata simu.

Nina miaka 29. Nimechelewa?

Rubani wa ndege ya abiria yenye marubani wawili anaruhusiwa hadi 65, kwa hiyo sheria haikukatai. Programu nyingine zina ukomo wao, nalo tangazo litalisema.

Mimi ni msichana. Nikishika mimba wakati wa mafunzo?

Viwango vya ICAO vinaruhusu mjamzito asiye na matatizo kuendelea kati ya mwisho wa wiki ya 12 na mwisho wa wiki ya 26, daktari akikubali. Baada ya hapo unapumzika, kisha unapimwa na kurudi. Soma mkataba kuhusu likizo hiyo: muda wa kutumikia usimame, usifutwe.

Nikisomea nje, leseni inatambulika hapa?

Inabadilishwa TCAA, na utegemee mtihani wa sheria za anga na wa kuruka. Kabla ya kwenda, uliza TCAA kama chuo hicho wanakitambua.

Nisipopata urubani?

Uhandisi wa matengenezo ya ndege unafundishwa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, Dar es Salaam, na mhandisi mwenye leseni hatafuti kazi kwa muda mrefu.

Kuwa mtu wa nyanda za juu kunasaidia chochote?

Kuna swali moja nililipata kwenye usaili wa pili. Kwa nini ndege ileile, yenye uzito uleule, inahitaji njia ndefu zaidi kuruka Songwe kuliko Dar es Salaam? Songwe iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, injini inapata pumzi ndogo, na ndege lazima ikimbie kwa kasi kubwa zaidi ardhini ili mabawa yapate hewa ileile. Nilijua, lakini kichwa kilikwama. Nikawaambia maharage ya Tukuyu yanachelewa kuiva kuliko ya Kyela kwenye sufuria ileile, kwa sababu huku juu hewa inakandamiza maji kidogo na yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Kutoka hapo nikapanda hadi kwenye injini na mabawa. Mmoja wao aliandika kitu kwenye karatasi, akauliza: "Na mchana, jua likiwa kali?" Njia inazidi kurefuka, nikamjibu, na safari hiyo sikuhitaji sufuria.